Gunia Juu ya Waya

Kaa hapa karibu, nikueleze polepole. Robota la pamba ni pamba iliyoshindiliwa na mashine hadi ikawa ngumu kama gogo, kisha ikafungwa kwa waya. Waya huo umevutwa sana. Ukiukata, unaruka.

Leo, kwa fundi wa magodoro hapa Kitale, nimesikia harufu ya grisi na mbegu za pamba, nikamkumbuka baba. Kazi yake ilikuwa kufunga marobota katika kiwanda kimoja upande wa Bungoma. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea chakula. Robota moja lilikutwa na unyevu, ikabidi lifunguliwe, na lori lilikuwa linangoja.

"Leteni gunia nifunike waya," baba alisema.

"Gunia ya nini, mzee? Ati unaogopa waya?" msimamizi akamcheka. "Kata bana, dereva anaenda."

Wenzake nao wakacheka. Baba akakata.

Waya ulilia mara moja. Baba alikaa chini, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akaniambia, "Weka sufuria kivulini, mboga isichache." Nikaiweka. Pamba ilikuwa ikiumuka taratibu kama unga wa mandazi, nami niliitazama hiyo pamba tu. Mashine haikuzimwa.

Jicho halikupona. Nyumbani tulizoea kukaa upande wake wa kushoto.

Kwa hiyo ukifungua robota, funika waya kwa gunia, simama kando, ndipo ukate.