Shemeki alimwanga kasiksi mu gari yangu, mimi ndiye nikaitwa mulevi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Niko na hasira, na yote nitaandika hapa ilinipata mimi mwenyewe. Siongezi chumvi.

Lundi (Jumatatu) asubuhi nafika ku porte ya masomo, mulango ya shule, na watoto watatu mu gari: wangu na wawili ya jirani. Sœur, mutawa mwenye kupokeaka watoto, anafungua mulango ya nyuma, anaingiza kichwa, anarudi nyuma kama mutu amepigwa kofi.

"Maman, asubuhi yote hii umeshakunywa?"

Mbele ya wamama wengine. Mbele ya mutoto wangu.

Wakuu, mi sikunywake pombe. Hata ku ndoa nakunywaka sucré (soda) tu. Saa sita jirani akakuja mwenyewe kuchukua watoto wake. "Usikasirike maman, watatembea na miguu."

Pale ndipo nilichoka.

Nirudi nyuma kidogo mupate kuelewa.

Samedi (Jumamosi) moja shemeki wangu, mudogo wa bwana yangu, aliomba gari apeleke dot (mahari) ku Nyantende. Munajua kwetu: gari ya mutu moja ni gari ya famille yote. Ukikatala, wewe ni bibi mubaya. Nikatoa funguo. Na dot bila kasiksi haiendake, kwa hiyo bidon (dumu) ya kasiksi ilipanda nyuma. (Wenye hamuko wa huku: ni pombe ya ndizi, wanatiaka na mutama ya kusaga.)

Alirudisha gari inang'aa, inanuka parfum mupaka macho inatoa machozi. Nikamuuliza kama kuna kitu ilimwangika.

"Hapana shemeki, ni mvua tu iliingia. Nilishapitisha ku lavage."

Lavage! Ile yetu ni kumwanga maji na sabuni, kupangusa juu, kupuliza parfum. Maji inashuka mu éponge (sifongo) ya chini ya tapis (zulia), inabaki kulala pale. Na hii mvua yetu, vitre (vioo) imefungwa kila siku, parfum ikaisha, ile harufu ingine ikaamuka.

Sasa lundi ile, mangaribi, bwana yangu anamupigia simu, haut-parleur wazi, nasikia yote. Mudogo anacheka.

"Yaya, mukubwa wangu, mi nilileta gari safi. Muulize bibi yako anakunywaka wapi."

Bwana yangu akakata simu. Aliniangalia tu. Ile kuangalia iliniuma kupita maneno ya Sœur.

Kesho yake nikaenda kwa papa moja anasafishaka fauteuils (viti ya kitambaa) za ma hôtel, nikaazima extracteur yake. Ni machine inapuliza maji mu kitambaa na kuinyonya papo hapo, pamoja na uchafu. Aliniambia kitu moja: "Maman, sabuni kidogo. Ukitia mingi, povu itapanda ku moteur."

Nilitoa ma tapis ya juu, nikapitisha aspirateur ya kunyonya vumbi kwanza. Maji ya moto kidogo, sabuni kidogo, burashi, halafu kunyonya, polepole, kurudilia pale pale. Usimwange sana! Kazi ni kunyonya, si kuogesha gari.

Viti ilitoa maji ya vumbi, kawaida. Nikafika chini ya kiti ya nyuma.

Wakuu, réservoir (tangi) ya machine ilijaa maji ya kahawia, na harufu ikatoka kama tuko ku sherehe. Mu filtre (chujio), mutama. Mutama ya kusaga, imekwama pale!

Nikaita bwana yangu. "Nusa."

Akanusa. Akainamisha kichwa. "Ni kasiksi."

Nikamwanga ile maji mu chupa, nikafunga. Halafu nikaendelea na maji matupu mupaka ikatoka safi, nikaacha milango wazi na ventilateur (feni) mbele. Bila kukausha vizuri, munafanya kazi ya bure.

Mama mukwe akasikia niko naenda ku quartier, ofisi ya mtaa, kushitaki, akapiga simu. "Mukamwana, mambo ya famille haitokake inje."

"Maman, jina yangu ilitoka inje mupaka ku masomo. Famille ilikuwa wapi?"

Basi, fundisho: ukiazimisha gari, siku inarudi inua tapis mbele mutu hajaenda. Usiamini parfum. Na wenye munaona nimekosa kufikisha mudogo wa bwana yangu ku quartier, andikeni hapa chini, nitasoma yote. Lakini plainte, mashitaka yangu, sitairudisha nyuma.

Ku bureau ya quartier agent aliniuliza: "Plainte ya nini, maman?"

"Kuharibiwa jina."

"Unashitaki nani?"

"Shemeki wangu."

Akaacha kuandika na bic. "Na preuve, ushahidi?"

Nikaweka chupa ku meza. Akafungua, akanusa, akaniangalia.

"Maman, hii si kasiksi?"

"Andika vile vile. Andika ilitoka chini ya kiti ya gari yangu. Na andika chenye naomba: aende yeye mwenyewe ku porte ya masomo, asubuhi, wamama wote wakiwa pale, aambie Sœur ni nani aliimwanga."

Akaandika. Nikasaini.