Nilitaka kuwachanja sato walioshaugua, mke wangu akanizuia

Wakuu, salaam. Mimi shule niliishia darasa la nne. Nimebeba magunia bandarini Mtwara miaka, nikachimba mabwawa mawili ya sato kwa mikono hii. Haya yamenipata mwenyewe, anayebisha aje aone.

Bwawa la kwanza lilikuwa na wakubwa, karibu kuvuliwa. Asubuhi moja nawakuta wanazunguka kama walevi, macho yamewatoka. Kufika Ijumaa wanaelea.

Nikamwita afisa ugani, binti wa kutoka bara. Akapasua wawili, akapeleka vipimo, majibu yakaja: bakteria. Akaleta vaccine, chanjo yenyewe, kwenye kiboksi cha barafu. Chupa moja, ya kutosha bwawa moja tu.

Nikamwambia awachome sindano hawa wagonjwa. Hataki. Anataka bwawa la pili, la wadogo wasioumwa chochote.

Nikawaka. Sisi watu wa korosho, ukiona ubwiriunga, ule ukungu mweupe, kwenye maua unapuliza salfa. Nani anaacha mkorosho mgonjwa akapulizia mzima?

Mke wangu alikuwa kwenye tuta na ndoo yake ya pumba. Akaniuliza taratibu:

"Baba Somoe, wanao uliwapeleka kuchanjwa surua wakiwa wazima, au wameshatoka vipele?"

Binti akainamia kiboksi chake, mabega yanamcheza kwa kicheko. Nikasema haya, la pili.

Kazi yenyewe ni hivi. Siku moja kabla hawali. Unawatia kwenye maji yenye mafuta ya karafuu kidogo wasinzie, halafu sindano tumboni, mmoja mmoja. Kutwa nzima, mgongo unakatika.

Vifaranga wadogo kabisa wana chanjo yao ya kuchovywa. Ipo na ya kwenye chakula, ila binti anasema kinga yake mara nyingi haidumu.

Na nyavu ya bwawa la wagonjwa haigusi lingine. Hapo sina mzaha.

Bwawa la kwanza niliwafukia karibu wote, na chokaa juu. Iliniuma, sifichi.

La pili nililichungulia kila alfajiri, wiki baada ya wiki. Hakuna aliyezunguka. Juzi nimevua, sato wamejaa mkono.

Somo: chanjo ni ya mzima. Inataka muda mwilini kabla ugonjwa haujafika. Aliyeugua ana matibabu yake, muulize mtaalamu.

Mwenye uzoefu wa kuchanja aweke hapa tujifunze. Wa kunicheka nao karibuni, ila pangeni foleni nyuma ya mke wangu.