Hesabu za Mama

Kila Jumamosi binti mmoja husogeza kigoda karibu na kiti cha mama yake, barazani kwao Nengo, na kumweleza matumizi ya wiki: umeme, dawa, mshahara wa msichana wa kazi. Hakuna anayemlazimisha. Karatasi ya notari inamruhusu kutia saini na kutoa pesa benki kwa niaba ya mama, ambaye siku hizi humsahau hata yeye. Lakini mama huyu aliuza vitenge Goma miaka mingi, na enzi hizo hakuna faranga iliyompita bila kuulizwa. Kwa hiyo binti hunyoosha kila risiti kwa kiganja, taratibu, kama mama alivyonyoosha vitambaa mbele ya wateja, kisha humsomea.

Jumamosi iliyopita mama alimkatiza, akidhani ni mwajiriwa wake wa zamani.

"We karani, kwanza ulipe minerval ya mutoto yangu. Bile bitenge yangu ya harusi, uuzishe yote. Asijue."

Binti aliweka risiti chini. Maisha yake yote aliamini kwamba mjomba wake wa Goma ndiye aliyemlipia hiyo minerval, ada ya shule, na kila Krismasi alimpelekea shukrani.

"Ishalipwa, Mama," alisema, akimshika mkono.

"Na alishinda mutihani?"

"Alishinda."

Mama aliegemea kiti, akatabasamu kwa raha.

"Bon. Nilijua ile mutoto iko na akili."