Majina Aliyoyaandika Wifi

Harufu ya kijinga cha moto kikisugua ndani ya kibuyu cha maziwa inanirudisha kwenye hesabu za sehemu hadi leo. Msinicheke. Nyumbani kwetu Getanuwas, wifi yangu Paulina, mke wa kaka yangu mkubwa, alisafisha vibuyu kila jioni jua likiwa bado lipo, na sisi wadogo tulikaa mbele yake, madaftari magotini. Alikuwa amefika kidato cha tatu kabla ya kuolewa. Kwetu huyo alikuwa profesa.

Hesabu alizifundisha kwa kugawa ugali, na aliyekosea aliambulia ukoko. Kiingereza tulikiimba. Siku moja alipochinjwa mbuzi, wifi alitushika mikono, akaukunjua utumbo mbele yetu: "Haya, mmeng'enyo wa chakula huo. Unaanzia wapi?" Mdogo wangu alitapika, lakini swali hilo hakulikosa tena maishani.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa maarifa ya jamii, mgeni kutoka mbali, alitupa kazi ya nyumbani: tuandike majina ya mababu zetu, kurudi nyuma kadiri tuwezavyo. Asiyeleta kesho, fimbo. Na fimbo ya yule mwalimu, jamani, tuliijua. Baba alikuwa mnadani Katesh na kaka yuko mbali akichunga ng'ombe. Nikamwendea mama. Alinitazama kama nimemtukana.

Kwetu Wabarbaig, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala majina ya mababu wa ukoo ule. Anayazunguka kama shimo njiani. Mama aliolewa, wifi aliolewa. Na hao hao ndio walioyajua majina yote, moja baada ya jingine, maana usilolijua utaliepukaje?

Nililia mpaka kamasi. Wifi aliweka kibuyu chini, akajifuta mikono.

"Lete kalamu," akasema. "Mimi sitasema neno. Na wewe usiniulize."

Akaandika, midomo ameibana, jina chini ya jina.

Wiki hiyo kulikuwa na kikao cha wazazi. Mwalimu aliyasoma majina yale mbele ya watu, uso umemchanua, akauliza nani kanisaidia. Nikajibu kwa kifua mbele, "Wifi yangu!" Njia nzima ya kurudi nyumbani baba alitembea mbele yangu, fimbo begani, wala hakugeuka.

Nyumbani hakuna aliyekuwa na uhakika kama kuandika ni kutamka. Wifi alijitetea: "Mama, mdomo wangu haukufunguka."

"Kalamu nayo ni mdomo," mama akamjibu.

Wanawake wa jirani wakaketi, wakaamua wifi aombe radhi kwa pombe ya asali, na asishike tena madaftari ya watoto. Pombe aliitengeneza, ikanywewa. Wakasema yameisha.

Mimi nilinuna. Nilijionea huruma mimi, nani atanifundisha sasa? Lakini mwalimu alianza kutubakiza baada ya masomo, nikafaulu, nikaenda sekondari, na pale nyumbani wote wakaona hakuna kilichoharibika. Wifi aliendelea na vibuyu vyake. Tukipita na vitabu aliinamisha kichwa, nami nikadhani ameshatuchoka.

Nilikuwa mtu mzima kabisa, mwanangu amenijia na swali la sayansi, nilipoionja ile raha ya kulijua jibu na kuwa na mtu wa kumpa. Ndipo nikamkumbuka wifi. Wifi hakuwa na darasa wala kitabu chake mwenyewe. Yote aliyosoma hadi kidato cha tatu yalikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, napo ni kwetu. Sisi tulipata mwalimu mwingine. Yeye hakuna aliyemtafutia wanafunzi.