Kipande cha jikoni

Leo nimemdanganya mama mdogo mbele ya majirani zake, na aibu haijanitoka.

Anaishi Kibuta na hana simu ya kuonyesha video, ana deki ya DVD tu. Aliniomba video ya harusi ya mdogo wangu ili amwone tena dada yake. Yaani mama yangu, tuliyemzika mwezi uliopita.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa kompyuta, pale Maili Moja, anichomee video kwenye diski. Kompyuta ikagoma mara mbili. Video ilikuwa GB tano na nusu, diski inabeba nne na kidogo.

"Tugawe diski mbili, dada," akasema.

Nikajiona mjanja. Nikamwambia akate kipande cha jikoni. Wanawake wanakuna nazi tu, nani atakitazama?

Diski ikakubali.

Kibuta nikakuta mkeka umetandikwa, majirani wamekaa.

Tukatazama mpaka mwisho.

"Sasa mimi na dada tuko wapi?" mama mdogo akauliza. "Tulikuwa jikoni siku nzima. Alinichekesha mpaka nikajikata na mbuzi ya nazi."

"Si ulituambia wewe ndiye nyota?" jirani akamtania.

Wote wakacheka. Yeye hakucheka.

"Labda kamera haikufika jikoni," akaniambia taratibu.

"Haikufika, mama."

Video nzima ninayo kwenye flashi. Nimerudi nyumbani nikaitazama: mama yangu anamfunga mdogo wake kidole kwa kitambaa, na wote wawili bado wanacheka.

Nitarudi kwa fundi anichomee diski ya pili, yenye kipande cha jikoni, nimpelekee. Lakini niambieni, nikishampa shikamoo, nianze na neno gani?