Zege la Kugeukia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya vifaa vya ujenzi pale Njombe, nilifika nimevaa viatu vya kisigino na sketi iliyopigwa pasi. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu asiyecheka ovyo, alinitazama juu hadi chini akauliza, "Dada, umekuja kupima udongo au kufungishwa ndoa?" Kisha akanikabidhi koleo. Hadi jioni visigino vyote viwili vilikuwa vimekatikia kwenye rundo la kokoto, nami nilikuwa nimeshaipenda kazi.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni slampu. Unajaza zege bichi kwenye koni ya chuma, unaichomoa koni taratibu, halafu unapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka sana, maji yamezidi, hata kama fundi anakuapia kwamba hakuongeza kikombe. "Fundi muulize habari za watoto," Mkuu wa Maabara alikuwa akisema. "Habari za maji iulize koni."

Baadaye nilihamishiwa Ludewa, kwenye barabara ya kuteremkia Manda, kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Mhandisi Mkazi, yaani yule anayekaa kwenye mradi siku zote kumwakilisha mwenye barabara. Bwana huyo alikuwa na wimbo mmoja tu: uso wa barabara lazima ung'ang'anie tairi. Kwenye miteremko alitaka zege likwaruzwe kwa ufagio mgumu likiwa bado bichi. "Mama, gari likiteleza hapa tutalikuta ziwani," alisema. Nilimwamini, na hadi leo namwamini.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Makambako, nikiwa msimamizi wa majengo. Mwalimu wa michezo, Mwalimu Neema, alikuwa ameleta mchezo ambao sikuwahi kuusikia: gofu ya visahani. Mchezaji anarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha minyororo kilichosimikwa mbali, na anayekifikisha kwa mirusho michache ndiye mshindi. Vikapu tulikuwa navyo, fundi wa mjini alivichomelea kwa rimu za baiskeli. Kilichokosekana ni mahali pa kusimama. Mrushaji huja kwa hatua kadhaa, anasukuma ardhi kwa mguu, kisha anageuka juu ya mguu mmoja, na udongo mwekundu wa kule ukilowa hauna urafiki na mtu. Wasichana wawili walianguka vibaya, mmoja akafungwa mkono.

Mkuu wa Shule akatuita ofisini. "Akianguka mtu mmoja tu tena, nang'oa vikapu vyenu napanda parachichi."

Mwalimu Neema hakubishana naye. Alisema tu, "Mkuu, wale wasiochaguliwa netiboli wala wavu hawana kitu kingine. Kipindi cha michezo walikuwa wanakaa pembeni, wanawashikia wenzao masweta." Nilitoka mle ofisini nimeshajitwisha mzigo ule kana kwamba ni wangu.

Tukaanza kuchagua. Moramu, ule udongo wa changarawe tunaotandaza barabarani, niliushindilia vizuri, lakini mguu unaogeuka palepale kila siku ulichimba shimo kama la kuku anayeoga vumbi. Mbao za paini, ambazo kwetu si shida kupatikana, ziliota utelezi wa kijani kwa ukungu. Zulia la nyasi za plastiki lilipendeza mpaka Julai. Baridi ilipotushika, kila asubuhi tulilikuta limelowa chepechepe na kukunjamana. Likabaki zege, na hapo nikatamba. Nilijenga kibaraza cha kurushia, kingo zikiwa sawa na ardhi ili mtu asijikwae akipitiliza, na mwinamo kidogo wa kumwaga maji. Kisha nikakikwaruza kwa ufagio mgumu, vilevile kama mteremko wa Manda.

Mwalimu Neema akarusha. Mwili uligeuka, kiatu kikagoma. Akapiga yowe, akashika goti, akakaa chini. Mkuu wa Shule alikuwa amesimama palepale.

"Hajaanguka, Mkuu," nikadakia. "Amekaa."

"Amekaa? Katikati ya kurusha?"

"Amechoka kidogo."

Mwalimu Neema, machozi yakimlengalenga, akatikisa kichwa kukubali kwamba kweli amechoka. Mkuu akatupa nafasi ya mwisho. Siku ya bonanza na shule jirani angerusha yeye mwenyewe kwanza, na akiteleza, parachichi.

Goti lilipona upesi, lakini mimi nilikosa raha. Barabara haihitaji mtu ageuke juu yake, kibaraza kinahitaji. Jibu nililipata Jumapili kanisani, nikitazama kwaya ya akina mama ikicheza. Wanasukuma kwa mguu, wanageuka, wanasukuma tena, juu ya sakafu ya niru, ile saruji iliyosuguliwa hadi inang'aa. Waligeuka vizuri mno, isipokuwa waliotoka kwenye mvua na viatu vibichi, ambao walishikana mikono kwa hofu. Nikajua ninachotafuta kiko kati ya niru na ufagio.

Nyuma ya jiko la shule nikamwaga vipande vitatu: cha niru, cha ufagio mgumu, na cha tatu nilichokiburutia gunia la katani lililoloweshwa, zege lilipoanza kushika. Gunia huacha mparuzo mdogo tu, kama ulimi wa ng'ombe. Nikavimwagilia hadi vikakomaa, halafu nikaialika kwaya. Walikuja na mabuti ya mvua, viatu vya kanisani na ndala, mimi nikilowesha zege kwa keni. Mke wa mchungaji wetu, mama mwenye mwili wake, akaanzisha wimbo. Kwenye niru walipiga kelele kuliko kuimba. Kwenye ufagio walikwama ubeti wa kwanza. Kwenye gunia waliimba wimbo mzima, wakageuka kulia na kushoto, wakarudia bila kuombwa, na wapishi wakatelekeza ugali wakajiunga.

"Mama, hapa nageuka bila kumshika mtu," mke wa mchungaji alisema akihema. Hakuna kipimo cha maabara kilichowahi kunifurahisha kama kile.

Siku ya bonanza kulikuwa na manyunyu. Mkuu wa Shule akaingia na mabuti yake kwenye kibaraza kipya, nilichokiburutia gunia, Mwalimu Neema ameniminya mkono. Akaja kwa hatua zake, akasukuma, akageuka mzimamzima, akabaki amesimama. Kisahani kilipotelea kwenye mahindi ya jirani. Hakukitazama. Alitazama miguu yake, akacheka, akasema, "Leteni kingine." Tulimnyang'anya visahani kwa shida ili bonanza lianze.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Njombe. Vijana wakiniuliza namna ya kuchagua vifaa, nawaambia watazame kwanza mguu utafanya nini pale, na umevaa kiatu gani. Mwezi uliopita nilikwenda Makambako kuwasalimia. Nikainama juu ya kibaraza, nikakipapasa kwa kiganja, nikaona mparuzo bado upo, furaha ikanijaa hata nikasahau kwamba niko uwanjani.

"Kamwene, mama," sauti ikaniamkia kwa nyuma. "Samahani, sogea kidogo. Ni zamu yangu."

Nikageuka. Foleni ya wasichana ilikuwa imefika hadi kwenye miti. Nikasogea, nikaenda kusimama nyuma ya yule wa mwisho.