Ruhusa ya Mama Mwenye Nyumba

Nilijifunza kulea mbwa kama nilivyojifunza kazi yangu ya kutengeneza tovuti: peke yangu, kwa video za mtandaoni, nikizirudia mpaka naziona hata nikifumba macho. Kabla mbwa hajafika nilikuwa nimeziba kila tundu la ua, nimeficha nyaya za umeme, nimenunua mabakuli yasiyoteleza. Naogopa kukosea. Naogopa kukosea hata katika salamu.

Kituo cha kuokoa wanyama hakimpi mpangaji mbwa mpaka mwenye nyumba akubali. Mama mwenye nyumba wangu tunaishi naye ua mmoja hapa Kanombe, yeye nyumba kubwa, mimi chumba cha nyuma. Nilimkuta kibarazani anachambua maharage, nikamweleza yote: chanjo, uzio, usafi. Alinisikiliza akitabasamu.

“Nta kibazo, mwana wangu,” akasema. Hakuna shida. “Mbwa nayo iko kiumbe ya Mungu.”

Mfanyakazi wa kituo alipokuja kukagua ua, mama alimjibu vivyo hivyo, akamkaribisha chai.

Mimi nilikulia Mwanza, ng'ambo ya mpaka. Kule, mama asiyetaka mbwa angeniambia, “Wewe, hiyo takataka usiniletee hapa,” na jioni tungecheka pamoja. Basi ndiyo ya mama huyu niliipokea kama ndiyo.

Mtoto wa mbwa alikuwa wa kahawia, ncha ya sikio moja imekatika. Walimwokota sokoni Nyabugogo, chini ya lori la viazi. Siku ya kwanza alisinzia juu ya kiatu changu, nami nikakaa bila kusogeza mguu, nikiamini kwamba hatimaye kuna jambo nimelifanya sawasawa.

Kisha mama akaacha kutoka nje. Maharage akachambulia ndani, nguo akaanika sebuleni. Jumapili hakwenda misa. Alisema magoti yanamuuma. Nikadhani ni kelele zinazomsumbua, nikaanza kumfundisha mbwa asibweke.

Binti yake, anayefanya kazi uwanja wa ndege, ndiye aliyenisimamisha getini.

“Wewe Mtanzania, utamfungulia lini mama yangu atoke nje?”

“Nilimwomba ruhusa, dada. Alisema hakuna shida.”

“Ulitaka akwambie nini? Umekuja unacheka, umeshanunua mpaka bakuli.” Akashusha sauti. “Wakati wa mauaji ya kimbari alijificha kwenye migomba. Wadogo zake walikuwa wamelala pale barabarani, wameshakufa, anawaona. Mbwa wa majirani ndio waliokuwa wanakuja. Unaelewa?”

Nilielewa. Kilichonimaliza ni kwamba habari za aina hiyo nilikuwa nazijua. Kila mtu hapa anazijua. Nilichunguza ua wote kwa vidole, uso wa mama sikuutazama.

Nilitafuta chumba kwingine. Kila mwenye nyumba aliyekubali mbwa alikubali akitabasamu, na mimi tabasamu sikuweza tena kuliamini. Nikamrudisha mbwa kituoni.

Mfanyakazi wa kituo hakunilaumu. Alisema tu kwamba wanaorudishwa hawachaguliwi tena kwa urahisi, hasa wakishakua. Mlango wa wavu ulipofungwa kati yetu, mbwa alikaa chini akingoja niingie.

Niliporudi nyumbani, mama alikuwa nje.

“Katoto iko wapi?”

“Amepata familia Nyarutarama, Mama. Wana bustani kubwa.”

Akamshukuru Mungu. Akasema nisikae peke yangu na huzuni, nije tule. Nikala. Nikajibu kila alichouliza juu ya familia ile isiyokuwepo, watoto wao, bustani yao, na kadiri alivyofurahi ndivyo nilivyozidi kuibunia mambo. Sijui kama aliniamini. Sitajua kamwe, maana hata kama hakuniamini, asingeniambia.